Slasha ya Trekta na Hesabu ya Mwaka wa Pili

"Hii inakata mpaka inchi tatu," alisema muuzaji, huku akiligonga bati la juu la slasha, ile mashine ya kufyekea vichaka inayofungwa nyuma ya trekta, kwa kiganja ili tusikie unene wake. Tulikuwa katika yadi moja ya zana za kilimo jijini Kampala, nami nilikuwa nimefuatana na fundi mstaafu wa jeshi ambaye huku kwetu Bombo kila mtu humwita Afande, wakiwemo watoto ambao hawajui hata alistaafu na cheo gani. Afande hakujishughulisha na bati. Alipiga goti, akapitisha mkono upande wa nyuma ulio wazi, akashika kisu kimoja na kukitikisa juu na chini, kisha akapapasa chini ya giaboksi na kuutoa mkono ukiwa na mafuta meusi yaliyochanganyika na vumbi. Aliyasugua baina ya vidole, akayanusa, akajifuta kwa majani makavu.

"Kijana wangu," akamwambia muuzaji, "huo mti wa inchi tatu, huyu mteja wako ataukata mara moja au ataukata kila mwaka?"

Muuzaji alicheka. Nilicheka nami, kwa kuwa sikuona tofauti.

Wiki zilizofuata niliiona tofauti hiyo kila nilipofungua daftari la hesabu, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kichaka kilichozaliwa na panga

Ardhi ninayoizungumzia iko Nakasongola, na anayeiangalia ni baba yangu mdogo, ambaye amekaa na ng'ombe tangu kabla sijazaliwa. Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa jinsi malisho ya ukanda wa ng'ombe yanavyomezwa na vichaka, wala hahitaji kuelezwa nani alipita na shoka akitafuta makaa. Nitakachoeleza ni nilichokiona nilipoingia humo kichakani na utepe wa kupimia, nikifuatana na mchungaji wetu, kwa sababu nilitaka kujua hiyo mashine ya inchi tatu itakutana na nini hasa.

Tulipima mashina karibu na ardhi, kwa kimo cha kifundo cha mguu au juu yake kidogo, kwa kuwa huko ndiko kisu cha slasha kinakopita. Mengi hayakufika unene wa dole gumba langu. Machache yalikuwa makubwa kweli, migunga mizee ambayo hakuna slasha ya kuvutwa na trekta la kawaida itakayoigusa. Yale ya katikati, ya inchi mbili hadi tatu, ambayo muuzaji alikuwa akinitozea fedha za ziada, niliyatafuta kwa bidii na kuyapata hapa na pale tu.

Mchungaji ndiye aliyenionyesha sababu. Aliinama, akatenga nyasi kwa fimbo, na chini yake pakaonekana kisiki cha zamani, cheusi, kilichokatwa kwa mshazari. Pembezoni mwake yalikuwa yameota machipukizi matano yaliyonyooka, kila moja likiwa na miiba yake. Tulipokwenda kwenye kichaka cha jirani tukakuta kisiki kingine cha namna hiyo. Kumbe sehemu kubwa ya kichaka kile haikuwa imeota kwa kupuuzwa. Ilikuwa imeota kwa kukatwa.

Mgunga mdogo unaojaa sehemu zile, ambao wataalamu huuita Acacia hockii na wengine siku hizi Vachellia hockii, haufi kwa kukatwa shina. Mizizi yake hubaki na akiba, na shina moja likiondoka hurudi mengi. Kayukiyuki nayo, ile Lantana camara ya maua ya rangi mbili ambayo ng'ombe akiila huweza kupata ugonjwa wa ngozi kuchomwa na jua, hurudi kutoka kwenye kitako chake vilevile. Kwa hiyo slasha haiondoi kichaka. Inakirudisha chini kwa muda, nao muda huo ndio tunaoununua.

Kwa kipimo kikubwa zaidi, nchi yetu imewahi kuliona jambo hili. Katika miaka ya 1960 vichaka vilifyekwa huko Ankole katika maeneo makubwa ili kumfukuza mbung'o na kufungua ranchi za mradi wa Ankole-Masaka, kwa msaada wa Marekani. Anayepita Nyabushozi leo hahitaji kuulizwa kama vichaka vimeisha.

Inchi tatu za nini?

Watengenezaji wengi hupanga slasha zao kwa madaraja. Nyepesi huwa ya nyasi na vichaka visivyozidi inchi moja, yaani sentimita 2.5 hivi, ya kati hufika inchi mbili, nzito hufika inchi tatu na kuendelea. Tofauti yake huionekani kwa kupiga bati kiganja. Iko kwenye nguvu ambayo giaboksi imejengewa kuhimili, kwenye unene wa visu na wa mkono unaovishika, na kwenye ile sahani ya mviringo iliyo chini kabisa, inayofanya mashine iteleze juu ya kisiki badala ya kukwama hapo. Visu vyenyewe havikazwi kabisa: huning'inia kwenye bolti zake, na vikikutana na jiwe hukunjika kurudi nyuma, kisha hunyooshwa tena na mzunguko.

Nilipoielewa sahani ile nilianza kubadilisha mawazo. Nakasongola ni nchi ya visiki vilivyofichwa na nyasi na vichuguu vilivyokauka vikawa vigumu kuliko tofali. Mashine isiyo na sahani ya chini, hata ikiwa na visu vizuri namna gani, kwetu haina maisha. Hilo nililiweka la kwanza katika orodha, juu ya inchi.

Tena nilimwuliza Afande kuhusu makali. Nilidhani visu vinapaswa kunolewa vikate kama wembe. Akasema la, ukingo wa kisu cha slasha huachwa na unene wa milimita moja na nusu hivi, kwa sababu makali membamba hupinda kwenye mti wa kwanza. Kinachokata ni kasi. Muhimu ni visu vyote viwili vilingane uzito, na kimoja kikiharibika vibadilishwe vyote, maana visu visivyolingana hutikisa giaboksi mpaka beringi zinaanza kulia. Fundi wa Katwe anaweza kukuundia kisu kutoka kwenye springi ya lori, lakini chuma kigumu kupita kiasi huvunjika badala ya kupinda, na kipande kinachovunjika huruka.

Upana, uzito na trekta tulilo nalo

Hapa ndipo tamaa yangu ilipokuwa kubwa. Nilitaka ya mita 1.8, nikiamini kwamba upana mkubwa ni kazi kuisha mapema.

Trekta letu ni Massey Ferguson 240, lile la injini ya silinda tatu, ambalo kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha mashine, hutoa nguvu za farasi 40 hivi likiwa na afya. Kanuni inayotumika sana ni nguvu za farasi 5 kwa kila futi ya upana, nayo ni ya nyasi na vichaka vyepesi. Kwa karatasi, mita 1.8, yaani futi sita, zinahitaji 30, na sisi tunazo 40. Hesabu inakubali. Lakini trekta letu limezeeka, joto la mchana linajulikana, na kichaka kikiwa kizito kanuni ile hupanda. Wenye kazi hiyo huacha akiba kubwa, kwa sababu injini inayozimiwa na kichaka kila hatua chache haimalizi kazi mapema hata kama mashine ni pana.

Kisha kuna uzito. Slasha nyepesi ya mita 1.5 huwa na kilo 250 hivi, ilhali nzito ya mita 1.8 huweza kupita kilo 500, na uzito huo wote huning'inia nyuma ya ekseli. Ukiinyanyua kwa haidroliki, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mzigo, usukani ukawa mwepesi mno mkononi, na kwenye mteremko au daraja la mfereji trekta halifuati unakolielekeza. Dawa yake ni vizito vya mbele. Sisi hatuna, viliuzwa zamani, na sitaki kuuliza nani aliviuza kwa sababu jibu lake ninalijua na mwenyewe husoma makala haya.

Hata hivyo mita 1.5 nayo ilikuwa na kasoro iliyonisumbua. Magurudumu yetu ya nyuma, ukipima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, yanafika mita 1.7. Maana yake tairi hulalia kichaka ambacho kisu hakikifikii, nacho baada ya siku chache husimama tena kama hakijaguswa. Nilikaribia kurudi kwenye ile ya mita 1.8 kwa hoja hii peke yake.

Afande ndiye aliyenichorea mchangani. Slasha nyingi huweza kusogezwa upande mmoja kwenye pini zake. Ukiisogeza kulia mpaka ifunike tairi la kulia, kisha ukaanzia ukingoni mwa shamba na kuzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukiingia ndani, kichaka kisichokatwa kitakuwa kuliani kwako siku zote, na tairi la kushoto litapita mahali palipokwisha kukatwa. Upana unaokosekana haudhuru tena. Ilimradi dereva asijisahau akageukia upande mwingine.

Bolti inayokatika, klachi inayoteleza

Sikutegemea kwamba jambo hili lingenichukulia muda kuliko yote.

Kisu kinapogonga kisiki, nguvu lazima iende mahali. Katika slasha za bei nafuu huishia kwenye bolti moja ya kwenye shafti, iliyowekwa makusudi ili ikatike kabla giaboksi haijavunjika. Katika nyingine kuna klachi ya sahani zinazobanwa kwa springi, ambazo huteleza kwa muda mfupi kisha zikashika tena. Muuzaji alisema klachi ni bora. Baba mdogo alisema bolti ni bora, kwa kuwa bolti hupatikana hata Migyera.

Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Ubaya wa bolti ni binadamu. Dereva aliyekatikiwa na bolti mara ya tatu kabla ya chakula cha mchana atatafuta bolti isiyokatika. Namba iliyopigwa kichwani mwa bolti, 4.6, 8.8 au 10.9, hueleza ugumu wake, na iliyo sahihi ni ile iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Akiweka iliyo ngumu kuliko hiyo, au msumari, kinachokatika siku hiyo ni meno ya giaboksi. Katika shamba lenye visiki vingi kama letu, kishawishi hicho kitakuja kila siku.

Ubaya wa klachi ni kukaa. Slasha ikilala nje msimu mzima wa mvua, sahani hushikana kwa kutu, na klachi iliyoshikana hailindi chochote, ingawa kwa macho inaonekana nzima. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi hulegezwa nati za springi, shafti ikazungushwa kidogo mpaka sahani ziteleze na kutoa moshi, kisha nati hurudishwa mahali pake kwa kipimo kilekile. Afande huchora mstari wa rangi ukipita juu ya sahani zote. Akigonga kitu kikubwa hushuka na kutazama. Mstari ukiwa umekatika, klachi imefanya kazi yake. Ukiwa mzima baada ya pigo kubwa, huzima mashine na kuifungua.

Nilimwuliza baba mdogo kama kuna mtu pale shambani atakayekumbuka kulegeza nati zile kila msimu. Alifikiri. "Mwanangu," akasema, "anayekumbuka kunyunyiza dawa ya kupe hawezi kushindwa na nati." Sikuwa na jibu la hilo, na klachi ikashinda.

Jambo jingine linalohusiana na hili ni klachi ya trekta lenyewe. Letu lina ya hatua mbili: ukikanyaga nusu trekta husimama na visu huendelea, ukikanyaga mpaka chini PTO nayo hukatika. Matrekta ya zamani zaidi yana hatua moja, na humo visu vizito vikiwa bado vinazunguka huweza kulisukuma trekta mbele ingawa dereva amekanyaga klachi. Mwenye trekta la aina hiyo anahitaji kifaa cha kuweka kwenye shafti kinachoruhusu visu kuzunguka bila kurudisha nguvu kwenye trekta. Anayekuuzia slasha bila kukuuliza una trekta gani hajakusaidia.

Kasi, na watoto na mifugo

Shafti ya PTO hugeuka mara 540 kwa dakika. Giaboksi huongeza, katika mashine nyingine visu hufika mara 1,000 hivi. Kwa duara la mita 1.5, ncha ya kisu husafiri zaidi ya mita 78 kwa sekunde, yaani kilomita 280 na zaidi kwa saa. Basi la usiku la Gulu, pamoja na sifa zake zote, halifiki nusu ya hiyo.

Jiwe likikutana na ncha ile halichagui pa kwenda.

Maonyo ya mashine hizi mara nyingi hutaka watu wakae umbali wa hadi mita 100. Sasa fikiria shamba letu siku ya kazi: trekta likinguruma, watoto wa wachungaji hukimbilia kulitazama, na ng'ombe hufuata nyuma kwa kuwa chini ya miiba iliyofyekwa kuna nyasi ambazo hawajazionja kwa miaka. Hili ndilo lililonifanya nikatae mashine moja ya mtumba iliyokuwa nzuri kwa kila kipimo, isipokuwa minyororo yake ya mbele na ya nyuma, ile ya kuzuia mawe yasiruke, ilikuwa imeondolewa na mashimo yake kuchomelewa. Aliyechomelea hakukusudia kuirudisha.

Kuna tabia nyingine niliyoiona kwa madereva wa kukodi: kunyanyua slasha na kurudi nyuma juu ya mti mkubwa ili kuukata kwa kuushukia. Inakata kweli. Ila visu vinakuwa wazi upande mzima, na dereva amegeuza uso wake kuvitazama.

Tulikubaliana na baba mdogo kwamba siku ya kufyeka ng'ombe watapelekwa upande wa pili, na mchungaji mmoja atakuwa na kazi ya watoto tu. Alilipinga hili mwanzoni, kwa hoja ya mshahara.

Miiba

Hakuna muuzaji aliyeniambia habari ya matairi. Shina la mgunga likikatwa hubaki kigingi kifupi kilichochongoka, na kigingi kikikauka hupenya tairi la trekta, hasa lile la mbele lenye ngozi nyembamba. Miiba iliyosagwa hutawanyika mahali ambapo ng'ombe watakanyaga. Kukata chini sana huongeza hatari ya kugonga vichuguu; kukata juu huacha vigingi virefu. Sisi tumeamua kuweka gurudumu la mkia ili kisu kipite kwa kimo cha kiganja kilichosimamishwa, na kupita mapema, chipukizi likiwa bado laini na kigingi chake kikiwa bado cha kuvunjika chini ya tairi.

Hapo tena nikajikuta nimerudi kwenye muda.

Mwaka wa pili

Chipukizi linalokatwa likiwa na unene wa penseli halihitaji mashine ya inchi tatu. Linahitaji mashine itakayorudi. Kama slasha ni nzito, inakula dizeli, inavunja mikono ya haidroliki na vipuri vyake hungojwa miezi, itafanya kazi kubwa mwaka wa kwanza, watu watapiga picha, kisha mwaka wa pili itakuwa chini ya mwembe ikiota nyasi katikati ya visu, huku kila kisiki kikitoa machipukizi matano. Malisho yatakuwa mabaya kuliko kabla hatujaanza.

Ndiyo maana niliacha kuuliza mashine inakata mti mnene kiasi gani, nikaanza kuuliza gharama ya kupita mara ya pili na ya tatu. Majibu yakabadilika yote. Miti mikubwa tutawaachia watu wa shoka, na mingine haitakatwa kabisa, kwa kuwa ng'ombe wanahitaji kivuli. Mbuzi wa mama mdogo, ambao kwa miaka wamekuwa wakifukuzwa, wataruhusiwa kuingia wiki chache baada ya kufyeka, kwani mbuzi hula chipukizi la mgunga kabla miiba haijakomaa. Trekta litapita tena mvua zikishatulia na majani yakishafunguka, wakati mizizi imetumia akiba yake nyingi.

Nimechagua ya daraja la kati, mita 1.5, yenye klachi ya sahani, sahani ya mviringo chini, minyororo pande zote mbili na gurudumu la mkia. Kabla ya kulipa niliomba nionyeshwe dukani jozi ya visu vya akiba, bolti zake na sili ya chini ya giaboksi, ile inayozuia mafuta yasivuje, kwa kuwa sili hiyo ndiyo huharibika mwanzo pale waya au kamba inapojisokota kwenye mhimili. Visu vilikuwepo. Sili haikuwepo, na malipo nimeyazuia mpaka ije. Shafti nayo tutaipima ikiwa imefungwa kwenye trekta letu, si kwa kukisia: ikiwa fupi kabisa isigote, na ikiwa ndefu kabisa mirija yake ibaki imeingiliana angalau theluthi.

Upande wa mashariki, kwenye vichuguu vingi, hatutapeleka slasha mwaka huu. Baba mdogo anataka vichuguu vivunjwe kwanza kwa jembe la mkono, mimi nataka paachiwe mbuzi, na hatujaafikiana.